"Acha Tu" Haitoshi: Kiswahili na Mvutaji Sigara wa Taita Taveta

Katika Kiswahili cha kila siku, maneno mawili "acha tu" yana kazi mbili zisizopatana. Mtu akiulizwa habari za msiba au za deni, hujibu, "Ndugu yangu, acha tu," akiwa na maana kwamba jambo lenyewe limemzidi kimo na halisimuliki. Lakini mvutaji wa sigara anapotafuta msaada, maneno hayohayo humrudia yakiwa amri: "Si uache tu?" Ni maoni yangu kwamba sehemu kubwa ya shida ya kuacha sigara mjini Voi, na katika kaunti nzima ya Taita Taveta, imo katika pengo lililo baina ya maana hizo mbili. Upande mmoja tunaye mtu anayesema kwamba jambo limemzidi. Upande wa pili tunaye mshauri anayedhani kwamba ni jambo la kutaka tu. Kilichopo baina yao ni lugha, na lugha hiyo aghalabu ni Kiswahili.

Huenda wapo wanachama watakaouliza sigara imeingiaje katika kurasa za jarida hili. Swali ni la haki, hasa kwa kuwa mwandishi ni mwanafunzi wa fasihi, si daktari wala mwanasaikolojia. Jibu langu ni fupi. Tumezoea kuandika kuhusu uwezo wa Kiswahili bungeni, mahakamani, katika sayansi na katika tarakilishi. Ni nadra tuuchunguze uwezo wake katika chumba cha mashauri cha zahanati, pale ambapo mtu anajaribu kumweleza mwenzake hali ambayo hata yeye mwenyewe hana jina lake.

Kwanza ieleweke kwamba mvutaji wa kwetu hahitaji kushawishiwa kuwa sigara ni mbaya. Utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku uliofanywa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 na zaidi, yaani watu wapatao milioni 2.5, walitumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 19.1, na kwa wanawake asilimia 4.5. Katika utafiti huohuo, zaidi ya saba katika kila wavutaji kumi walisema kwamba wanapanga kuacha au wanafikiria kuacha. Watu hawa wamekwisha kusadiki. Kinachowakwaza ni namna. Nalo Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila majaribio mia ya kuacha bila msaada, takriban manne tu ndiyo hufaulu, na kwamba ushauri wa mtaalamu pamoja na dawa zilizothibitishwa huweza kuuzidisha uwezekano huo zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo anayesema "acha tu" anamwachia mwenziwe bahati nasibu ya nne kwa mia.

Sheria tunazo. Kenya iliuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004, ikapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008. Kanuni za mwaka 2014 zilipingwa mahakamani na kampuni ya British American Tobacco, kesi ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani na hatimaye Mahakama ya Juu, ambayo iliitupilia mbali Novemba 2019. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kifungu cha kuvutia zaidi katika sheria ile ya 2007 ni kile kinachotaka onyo la afya liandikwe kwenye pakiti kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Hiyo ni heshima ambayo lugha yetu haikuipata kwenye chupa nyingi za dawa. Maandishi machache mno ya Kiswahili yamechapwa mara nyingi na kubebwa karibu na kifua cha msomaji kama hayo. Hata hivyo, onyo kwa tabia yake ni kauli ya taarifa. Humwambia mtu hatari iliyopo, wala halimwambii aanzie wapi.

Isitoshe, mvutaji wa Voi hulioni onyo lenyewe kwa nadra. Nieleze kwa nini.

Voi ni mji wa kungoja. Reli kutoka Mombasa ilipita hapa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ikatolewa tawi la kuelekea Taveta. Na tangu mwaka 2017 kuna kituo cha reli ya kisasa. Malori ya masafa marefu hupumzika hapa na kule Maungu. Barabara ya Mwatate na Taveta hupeleka watu na bidhaa hadi mpakani Holili. Utingo hungoja dereva aamke. Mwendesha bodaboda hungoja abiria. Kibarua wa shamba la mkonge hungoja siku ya malipo, na mchimba vito wa Kamtonga au Mkuki hungoja jiwe la kijani ambalo huenda lisionekane mwaka mzima. Sigara ni kitu cha mtu anayengoja. Huipa mikono kazi na huukata wakati vipande vipande.

Na katika mji wa kungoja, sigara hununuliwa moja moja. Sheria inasema pakiti isipungue sigara kumi, lakini nenda kwenye kibanda chochote karibu na steji ukaone. Kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye wavu wa dirisha. Mteja hutoa shilingi zake, hupewa fegi moja na pipi moja ya Patco ya kuondoa harufu, huwasha, huondoka. Pakiti hubaki ndani kwa muuzaji, pamoja na onyo lake la lugha mbili. Mtu anaweza kuvuta miaka ishirini akiwa mteja mwaminifu wa kibanda kimoja bila kuishika pakiti mkononi. Wale waliobishana mahakamani juu ya ukubwa wa maandishi na picha walikuwa wakibishana juu ya kitu ambacho muuzaji wa rejareja ndiye hasa anayekisoma. Hata hesabu ya matumizi humponyoka mvutaji wa namna hii. Mnunuzi wa pakiti hujua zimebaki ngapi, ilhali mnunuzi wa moja moja hujua tu kwamba amevuta "kidogo".

Mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu kwenye zahanati moja, ambayo sitaitaja, kwa kikohozi kilichokataa kumtoka. Amevuta tangu alipokuwa kijana wa gereji. Mhudumu alimsikiliza kifua, akamwandikia dawa, kisha akauliza kama anavuta. Mjomba alikubali, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongeza kwamba angependa kuacha. "Basi mzee, uache tu, wewe ni mtu mzima," akaambiwa, na jina la mgonjwa aliyefuata likaitwa. Sikuona dharau katika sauti ya yule mhudumu. Foleni ilikuwa ndefu, na nadhani alikuwa amesema lugha yote aliyokuwa nayo juu ya suala lile. Tulipofika nje mjomba aliniambia, "Umesikia, mpwa wangu? Nimeambiwa niache. Kumbe nilikuwa nangoja ruhusa." Nilicheka kwa sababu ni mcheshi. Lakini mtu aliyemeza aibu yake akaomba msaada mara moja huenda asiombe mara ya pili.

Yule mhudumu angesema nini? Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kutibu utegemezi wa tumbaku mwaka 2017, na ni mwongozo mzuri: muulize kila mgonjwa kama anatumia tumbaku, mshauri, pima utayari wake, msaidie kupanga, kisha panga naye siku ya kuonana tena. Mambo hayo matano huweza kufanyika kwa dakika chache. Umeandikwa kwa Kiingereza. Mhudumu wa Voi huusoma kwa Kiingereza, kisha humgeukia mzee anayesema Kidawida nyumbani na Kiswahili mjini, na hapo ndipo anapotakiwa kutafsiri papo kwa papo dhana ambazo hata sisi tunaojiita wataalamu hatujakaa kuzizungumzia. Tusishangae zinapofupishwa zikawa maneno mawili.

Jambo la kutia moyo, na ndilo lililonisukuma kushika kalamu, ni kwamba Kiswahili hakijatindikiwa hata kidogo. Malighafi ipo ndani, tena nyingine ni nzuri kuliko istilahi za Kiingereza.

Chukua neno uraibu. Leo tunalitumia kwa maana ya hali ya kutoweza kuacha. Lakini kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni mchanganyiko wa kutafuna: jani la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, kitu kilichotolewa mbele ya mgeni kama sisi tunavyotoa chai. Neno lilianza kwenye ukarimu likaishia kwenye kifungo, na kwa hakika hiyo ndiyo njia ambayo tumbaku yenyewe huipitia katika maisha ya mtu. Hakuna anayeanza kuvuta peke yake gizani. Huanza kwa kupewa. Huko milimani, kwenye vilima vya Dawida na Sagalla, mzee akimkunjulia mwenzake kikopo cha ugoro humpa heshima. Kukikataa bila adabu ni kuukataa urafiki. Basi mtu anayeacha anahitaji kwanza maneno ya kukataa yasiyovunja udugu. Vipeperushi vya afya vilivyotafsiriwa kutoka kwingine humfundisha kusema "hapana" kwa uthabiti. Katika baraza la wazee, "hapana" kavu ni tusi. Mswahili angesema, "Ahsante ndugu yangu, kwa sasa nimeipumzisha," na mazungumzo yangeendelea bila mtu kuumia. Hiyo ni tiba, na ni tiba ya lugha.

Nikiwa hapo kwenye ugoro, niseme kwamba kampeni zetu zimewasahau akina bibi. Utafiti ule wa 2014 ulionyesha kwamba wanawake wanaovuta sigara hawakufika hata asilimia moja, lakini wanaotumia tumbaku isiyo ya moshi walikaribia asilimia nne. Bibi anayebwia ugoro haitwi mraibu na mtu yeyote. Hana pakiti wala picha ya onyo, na mjukuu wake ndiye anayetumwa dukani. Kwa upande wa pili wa umri wapo wenzetu wa vyuoni wenye vifuko vya nikotini chini ya mdomo, vilivyoingia nchini mwaka 2019 kwa jina la LYFT na ambavyo uhalali wake ulipingwa na Waziri wa Afya mwaka 2020. Bibi na mwanafunzi wanafungwa na kamba moja. Tofauti ni manukato tu.

Chukua tena kitenzi chenyewe, kuvuta. Kisarufi mtu ndiye mtendaji na sigara ndiyo mtendwa. Muulize mvutaji wa siku nyingi, atakwambia kwamba tungo imegeuka: yeye ndiye anayevutwa. Nikotini hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde chache baada ya kuvuta, na nusu yake huwa imetoka katika damu kwa muda wa saa mbili hivi. Hapo mwili hudai. Mtu hukosa utulivu, hukasirika upesi, hukosa usingizi, hushikwa na njaa isiyo na sababu. Dalili hizi huwa kali katika siku za mwanzo na kwa kawaida hupungua baada ya majuma mawili hadi manne. Tena kila wimbi la hamu, lijapokuwa kubwa namna gani, huchukua dakika chache tu likapita, hata kama mtu hakuvuta.

Sasa fikiria mzee wa Wundanyi ambaye hajaambiwa haya. Siku ya tatu bila sigara anawagombeza wajukuu, mikono inamcheza, usiku anahesabu mapaa. Kwa kuwa hana jina la hali hiyo, anajiambia kwamba sigara ndiyo iliyokuwa dawa yake ya hasira, na anairudia kwa dhamiri safi. Angeambiwa mapema kwamba hasira ile ni ya siku ya tatu, si tabia yake, na kwamba siku ya kumi haitakuwa hivyo, huenda angengoja. Watu wa Voi wanajua kungoja. Pwani wanalo neno arosto kwa mateso haya, lakini limebaki kwa watumiaji wa unga na limebeba fedheha yao. Je, tulitakase tulitumie? Au tuseme hamu, au kiu? Nitalirudia swali hili.

Kisha kuna methali. Wataalamu wa kuacha sigara hutofautisha kwa makini baina ya mtu aliyevuta sigara moja baada ya kuacha na mtu aliyerudia uvutaji wake wa kawaida. Wanasisitiza kwamba la kwanza halilazimishi la pili, na kwamba wengi waliofaulu kuacha walijaribu zaidi ya mara moja. Kinachomwangamiza mtu si sigara ile moja, bali ile hukumu anayojitolea: "Nimeshindwa, basi nivute." Wenzetu wameandika vitabu kulieleza jambo hili. Wahenga wetu walilisema kwa maneno matatu: kuteleza si kuanguka. Sijawahi kuiona methali hii ukutani mwa zahanati. Nimeiona katika maswali ya mtihani, mwanafunzi akitakiwa aeleze maana na matumizi. Hapa pana matumizi.

Methali nyingine huhitaji tahadhari. "Dawa ya moto ni moto" hueleza vyema wazo la kumpa mvutaji nikotini safi, kwa chingamu au kibandiko cha ngozini, ili aachane na moshi wenye maelfu ya kemikali. Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba hiyo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza dawa za vidonge bupropion na varenicline. Lakini methali hiyohiyo ndiyo anayoisema kijana anayehamia kwenye muguka ili aache sigara, na matokeo yake huwa mashimo mawili badala ya moja. Aidha, chingamu hizo si rahisi kununuliwa kwa mshahara wa kibarua wa mkonge. Wengi hapa hujisaidia kwa mswaki, ule wa mti, ambao Tsavo imejaa nao. Huuweka kinywani pale ambapo sigara ingekaa, na mikono ikapata shughuli. Si tiba iliyopimwa, ila haina madhara na haina bei. "Kikulacho ki nguoni mwako" sina haja ya kuieleza kwa mtu mwenye pakiti katika mfuko wa shati.

Nilitaja muguka. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza marufuku dhidi yake, wakulima wa Embu wakaja juu, na suala likafika mahakamani. Kwa majuma kadhaa redio na magazeti yalijaa mjadala. Nilifuatilia kwa masikio ya mwanafunzi wa lugha. Nilisikia mara nyingi maneno marufuku, ushuru, soko, haki za wakulima, kizazi kinachopotea. Sikusikia mtu akiuliza: huyo ambaye tayari anatafuna na kuvuta, kesho asubuhi afanye nini? Msamiati wetu wa hadharani kuhusu uraibu ni wa askari na wa mhubiri. Wa muuguzi bado ni mchanga.

Nasi wa fasihi hatuna budi kulibeba fungu letu. Katika michezo ya kuigiza ya mashuleni, ile ya kila mwaka kuhusu dawa za kulevya, mvutaji huingia jukwaani akiwa na marafiki wabaya, na hutoka akiwa maiti, mfungwa au mwendawazimu. Mara chache hutoka akiwa ameokoka, ghafla, kwa hotuba moja ya mzazi. Hadithi ina mwanzo na mwisho, haina katikati. Siku ya tatu haipo. Juma la pili halipo, wala ile jioni ya harusini anapopewa sigara na mtu ampendaye. Mtazamaji anayevuta hujifunza kwamba hatima ni mbili, kuangamia au muujiza, na kwa kuwa hajioni katika hata moja, huondoka kama alivyokuja. Laiti mtunzi mmoja wa kwetu angeandika riwaya fupi ya siku thelathini za mtu anayeacha sigara, kwenye lori baina ya Mombasa na Malaba. Kisanaa sioni dosari ya wazo hilo. Mgogoro upo, tena wa ndani, na msuko unajileta wenyewe.

Mtu atasema kwamba lugha haiachishi mtu sigara. Ni kweli. Lakini tutazame jinsi Pwani ilivyokabiliana na heroini. Mwaka 2015 kliniki ya methadoni ilifunguliwa Malindi. Mombasa kuna mashirika yanayowahudumia watumiaji. Zanzibar wana soba hausi zinazoendeshwa na watu ambao wenyewe waliwahi kutumia. Pamoja na huduma hizo ilikuja lugha: mtu wa kupata nafuu, siku safi, mwenza wa nafuu. Mtu akipita mlango ule hukuta amengojwa na maneno. Heroini inaua na ilistahili juhudi hizo. Tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka, na mvutaji wa Mwatate hana hata jina la kumwita mtu aliye katika hali yake ya kuacha. Tuna mvutaji, tuna mraibu. Aliyeacha tunamwita "aliyeacha", kishazi kizima, kana kwamba ni mtu wa ajabu asiyestahili nomino.

Tunao pia mfano wa karibu zaidi na usio na gharama. Kila mwezi wa Ramadhani, mvutaji Mwislamu wa Voi hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, muda wa saa kumi na tatu hivi, bila moshi, siku ishirini na tisa au thelathini mfululizo. Mtu huyohuyo mwezi wa Shaaban angekwambia hawezi kumaliza saa mbili. Imani ina nafasi yake hapo, sibishani. Lakini tazama na mengine: siku ya kuanza inajulikana kabla, mtaa mzima unafunga pamoja naye, hakuna anayemwonyesha sigara mchana, na kila jioni pana watu wa kufuturu nao. Hayo ndiyo hasa wanayoyashauri wataalamu: chagua siku, waambie watu wako, ondoa vishawishi, usiwe peke yako. Jamii yetu inajua kuifanya kazi hii. Haijaifanya bado kwa jina hili. Kinachoniuma ni kuona sigara ya kwanza ikiwashwa kabla kokwa ya tende haijatupwa, na hakuna aliyemwambia yule bwana kwamba tayari amekwisha kuvuka sehemu ngumu ya safari ya siku ile.

Msaada upo kiasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Matumizi ya Vileo na Dawa za Kulevya, NACADA, ina nambari ya simu isiyotozwa malipo, 1192, ambako mtu hupata ushauri kuhusu uraibu. Tangu Septemba 2023 serikali ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchini, wanaozunguka nyumba kwa nyumba na vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Hawa ndio ninaowatumainia. Mhamasishaji anamjua mzee, anamjua mkewe, anajua kibanda anachonunulia. Anaweza kurudi siku ya tatu. Mpe maneno, na hutahitaji kumjengea hospitali.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kifanye kazi moja, ndogo na yenye mwisho. Tutayarishe kijitabu cha kurasa chache cha kumsaidia mtu kuacha tumbaku, kilichoandikwa kwa Kiswahili moja kwa moja badala ya kutafsiriwa, kikaguliwe na madaktari, kisha kiende kwa Kidawida, Kisagalla na Kitaveta kwa ajili ya wazee na kwa ajili ya redio za huku nyumbani. Kiwe na siku ya kwanza, siku ya tatu, juma la pili na mwezi wa tatu. Kiwe na namna kumi za kukataa sigara bila kumvunjia mtu heshima. Kiwe na ukurasa wa mke au mume, maana wao ndio wanaoipokea ile hasira. Kiwe na ukurasa wa ugoro. Sheria ile ya 2007 ilianzisha Hazina ya Kudhibiti Tumbaku, na miongoni mwa kazi zake ni kuendeleza mipango ya kuwasaidia watu kuacha; sioni kwa nini uchapaji wa kijitabu kama hiki usiombewe huko. Wahadhiri wetu wa isimu watatusaidia na istilahi, nao wa fasihi watatuzuia tusihubiri.

Rasimu ya kurasa nne za mwanzo ninayo. Imesomwa na muuguzi mmoja na utingo mmoja, na utingo ndiye aliyesahihisha zaidi. Natafuta msomaji anayejua Kitaveta na mwingine wa Kisagalla, na ningependa kusikia maoni ya wanachama juu ya lile neno la arosto. Muuguzi analikataa kabisa. Utingo anasema ndilo pekee ambalo watu wa barabarani watalielewa bila kuelezwa. Kwa sasa nimeandika "hamu" na kuacha nafasi pembeni.